Mkanda wa Ngozi Kwenye Msumari wa Mama Akoth

NAKURU, 1957

Saa tatu asubuhi, nyuma ya gereji moja iliyo karibu na stesheni ya reli, jiwe kubwa linapanda juu polepole. Limefungwa kwenye vitanzi vya ngozi mbichi vinavyoning'inia kutoka kwenye boriti. Mwanamume mrefu, shati limelowa jasho mgongoni, anasukuma fimbo iliyopenyezwa katikati ya vitanzi hivyo na kuzunguka nayo. Kila akizunguka, ngozi inajisokota na kufupika, na jiwe linapanda tena kidogo.

"Kaeni mbali!" anapiga kelele, kisha anaichomoa fimbo.

Jiwe linashuka likizunguka kwa kasi, mafuta ya kondoo yaliyopakwa kwenye ngozi yanaruka kila upande, na kabla halijagusa ardhi linaanza kujisokota upande wa pili na kupanda tena lenyewe. Watu waliosimama kwenye seng'enge wanapiga makofi. Mama mmoja mwenye kikapu cha kabeji anataka kujua ni nani anayemlipa mtu mzima kwa mchezo wa namna hii.

"Utanilipa wewe, mama," anajibu mwenye fimbo. "Siku mzee wako akinunua gari."

Huyo ndiye Kipsang arap Kemboi, mwenye umri wa miaka arobaini na miwili, mshonaji wa ngozi. Ana meno meupe, mikono yenye magamba, na mdomo usiopumzika. Kama kuna mtu mwenye furaha kuliko yeye katika mji huu wiki hii, mwandishi wa habari hizi hajakutana naye, na ametafuta.

Ukutani, juu ya meza yake ya kazi, unaning'inia mkanda mmoja wa ngozi uliogandamana na matope makavu. Mwandishi alinyoosha mkono kuugusa akakemewa papo hapo.

"Hiyo hapana," Kemboi alisema. "Hiyo iko na safari yake."

Safari hiyo tutaifikia. Kwanza ni vizuri msomaji ajue jinsi mtu aliyezaliwa kati ya maksai alivyoingia katika mambo ya mbio za magari, mahali ambapo hakuna aliyemwalika.

Kemboi alizaliwa kwenye shamba la Mzungu upande wa Molo, ambako baba yake alikuwa mtengenezaji wa kamba za ngozi. Enzi hizo plau zilikokotwa na maksai, na maksai hawaendi bila nira, na nira haifungwi bila kamba za ngozi. Maarifa ya kulainisha ngozi kwa jiwe na fimbo yaliletwa na Makaburu, lakini anavyosema Kemboi, baba yake aliyajua hadi Makaburu wenyewe wakawa wanamletea ngozi zao kutoka mbali.

"Mzee alikuwa mkali," anakumbuka. "Jioni plau ikirudi, anafungua kamba, anaipima na mkono wake, kutoka kiwiko mpaka kidole. Halafu anauliza neno moja tu: 'Imevutika?' Kama imevutika hata kidogo, unarudi kwa jiwe. Hakuna chakula mpaka umerudi kwa jiwe."

Mshahara wa shambani ulikuwa shilingi kumi na sita kwa mwezi na posho. Hawakuwa matajiri, lakini hakuna aliyewadharau. Kisha yakaja matrekta. Siku maksai wa mwisho walipopakiwa kwenye lori kwenda kuchinjwa, mzee alilibingirisha jiwe lake mpaka kwenye majani marefu akaliacha huko. Hajazungumza habari za ngozi tangu siku hiyo. Kemboi anasema hilo lilimuuma kuliko kukosa kazi kwenyewe, na anapolisema, kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, mdomo wake unapumzika.

Alikuja Nakuru kutafuta riziki. Akashona matandiko ya farasi wakati wa maonyesho ya kilimo, akashona masanduku ya wasafiri, akashona hata mpira wa shule moja ambao kila Jumatatu ulirudi umepasuka palepale. Ndipo miaka miwili iliyopita akaja Gurdev.

Gurdev Singh ni mwana wa mwenye gereji hii. Kila Pasaka hushindana katika Mbio za Bonde kwa gari dogo la rangi ya maziwa, gari ambalo fundi yeyote atakwambia lilitengenezwa kwa ajili ya kwenda kanisani. Tatizo lake lilikuwa moja. Gari likiruka tuta na magurudumu kuondoka ardhini, ekseli ya nyuma, kile chuma kinachobeba magurudumu, ilining'inia chini kwa uzito wake wote na kuzing'oa shokabzoba, vyuma vya kupunguza mishtuko. Gurdev alikuwa ameng'oa nyingi kiasi kwamba baba yake alianza kumkata mshahara.

"Nilimuuliza Fundi, unaweza kunipa mkanda wa kushika ekseli isianguke sana?" anasimulia Gurdev, kijana mchangamfu mwenye kilemba cha buluu. "Akaniuliza ekseli ina uzito gani. Nikamwambia. Akacheka! Akasema maksai mmoja mkaidi ana nguvu kuliko hiyo."

Kemboi alikata ngozi ya fahali, akaisokota siku nyingi kwa jiwe, akaishona tabaka tatu, akatengeneza mikanda miwili, mmoja kila upande. Gari likaruka matuta yote ya njia ya Londiani, na shokabzoba zikabaki mahali pake. Kwa maneno ya Gurdev, ekseli ilikaa kimya kama mtoto aliyefungwa mgongoni.

Mwaka jana, katika Mbio za Bonde, Gurdev alimaliza akiwa wa kwanza katika daraja lake. Furaha hiyo ilidumu mpaka saa kumi jioni, gari lilipokaguliwa.

Hapa lazima tueleze sheria kidogo, na msomaji asikunje uso, kwa kuwa ni sheria nzuri. Chama kinachoendesha Mbio za Bonde hakigawi magari kwa ukubwa wa injini. Kinayagawa kwa bei ya gari dukani. Magari ya bei kubwa yako Daraja la Kwanza, na ya bei nafuu kabisa yako Daraja la Nne. Kwa hiyo karani mwenye kigari chake hashindani na mwenye shamba aliyeagiza gari la fahari kutoka Ulaya. Anashindana na karani mwenzake.

Na ili tajiri asijipenyeze kwenye Daraja la Nne na kigari chenye vipuri vya dhahabu, kuna Kanuni ya Duka. Kipuri chochote utakachoongeza kwenye gari lazima kiwe kinauzwa dukani, mbele ya macho ya watu, kwa mteja yeyote atakayeingia. Kwa Daraja la Nne bei ya kipuri kimoja isizidi shilingi ishirini.

Mkaguzi wa chama ni Mzungu mmoja mzee anayetembea na rula kwenye mfuko wa shati, na Nakuru nzima inamwita Bwana Rula. Aliingia chini ya gari la Gurdev, akaitazama ile mikanda kwa muda mrefu, akatoka na kuuliza swali moja la haki kabisa: inauzwa duka gani?

Haikuwa ikiuzwa popote. Gari likafutwa kwenye matokeo.

"Mimi sikukasirikia Bwana Rula," anasema Kemboi. "Sheria imewekwa kusaidia mtu mdogo. Sasa mtu mdogo alikuwa mimi, na ikanipiga mimi. Nilikaa hapo kwa jiwe nikajiambia, Kipsang, hawakusema mkanda ni mbaya. Walisema haina duka. Basi tafuta duka."

Mwandishi anaungama kwamba alipofika hapo aliacha kuandika kwa muda akamtazama tu mtu huyu. Wengi wetu tungelala kitandani na kugeukia ukuta.

Kutafuta duka hakukuwa rahisi. Wauza vipuri wa barabara kuu walimtazama, wakautazama mkanda, wakamwambia ajaribu kwa wauza viatu. Mwishowe alikwenda Bondeni, kwa Mama Akoth.

Mama Akoth ni mjane mnene mwenye sauti ya kuita treni. Duka lake lina chumvi, mafuta ya taa, sabuni, tyubu za baiskeli, sufuria, na ugoro anaousaga mwenyewe. Alisikiliza habari ya mbio, madaraja na kanuni mpaka mwisho bila kupepesa macho.

"Hiyo sheria yao imesema duka ya aina gani?" akauliza.

"Imesema duka tu," Kemboi akamjibu.

"Imesema haiwezi kuwa duka ya Mama Akoth?"

"Haikusema."

"Basi leta."

Akagonga msumari katikati ya sufuria na tyubu za baiskeli, na mikanda sita ikatundikwa, bei shilingi kumi na nane. Kemboi anasema alisimama barabarani akiutazama ule msumari mpaka Mama Akoth akamfukuza kwa kuziba njia ya wateja. Katika maisha yake yote, wala ya baba yake, kitu walichokitengeneza hakijawahi kutundikwa dukani. Kilikuwa kikichukuliwa tu.

Mpango ulikuwa mwepesi. Alhamisi kabla ya Pasaka, Bwana Rula angezunguka madukani na kujaribu kununua kila kipuri kilichotajwa na washindani, kama mteja mwingine yeyote. Akikikuta, kimepita. Asipokikuta, kinatolewa kwenye gari. Kilichotakiwa ni mkanda mmoja tu uwe pale msumarini siku hiyo.

Kosa walilofanya ni kumpa Mama Akoth kitu cha kuuza, wakasahau kwamba ataking'ang'ania mpaka kiishe.

"Mimi nikiona mtu ameangalia kitu mara mbili, ameshanunua," anajitetea mwenyewe, na hana hata chembe ya majuto. Mkanda wa kwanza ulikwenda kwa kinyozi, ananolea wembe. Wa pili ulichukuliwa na dereva wa lori la viazi wa Kuresoi, akafungia mlango wa nyuma. Wa tatu ulimfunga mbwa wa mwenye hoteli. Miwili ilinunuliwa kwa mara moja na kijana mpole wa posta, jina lake Obura, aliyesema anataka kufungia mizigo.

Ukabaki mmoja. Kemboi alikwenda Jumatano jioni akamsihi Mama Akoth kwa mikono miwili, na mama akaapa kwamba huo hauuzi hata kwa Gavana. Na hakuuza. Aliyeutoa ni Kemboi mwenyewe.

Jioni hiyo hiyo, akiwa bado dukani, aliingia Mzee Kosgei. Huyu ni baba mkwe wake, mkulima wa Kuresoi, aliyekuja mjini na viazi vyake na alikuwa akinunua ugoro. Mzee aliinua macho, akauona mkanda. Akaushika, akauvuta, akaunusa.

"Hii," akasema, "ndiyo ingeweza yule fahali yangu."

Hakuomba. Hakuhitaji kuomba. Kwa desturi ya Wakipsigis, baba mkwe akikisifu kitu chako namna hiyo, mtu mwenye adabu haanzi kumweleza habari za Kanuni ya Duka. Kemboi aliutoa mkanda msumarini, akampa kwa mikono miwili na kusema ni wake. Mzee akamshukuru, akauzungusha kiunoni, akaenda zake kulala kwa jamaa yake.

"Mama Akoth alinitazama kama mtu ameona nyumba inaungua na mwenyewe anaongeza kuni," Kemboi anasimulia, na anacheka mpaka anashika boriti. Lakini usiku ule, anakiri, hakucheka.

Asubuhi ya Alhamisi hakukuwa na mkanda. Ngozi iliyokuwa kwenye jiwe ilibakiza siku nyingi kuwa tayari. Gurdev alitaka watoe mmoja kutoka kwenye gari wautundike dukani, lakini gari lilikuwa limeshafungwa lakiri, muhuri wa ukaguzi, huko chini, na ukivunja lakiri umejitoa mwenyewe. Kumwendea baba mkwe na kumwomba arudishe zawadi lilikuwa jambo ambalo Kemboi, kwa maneno yake, angeona afadhali ajifunge nira na kwenda kulima.

Saa nne Bwana Rula akaingia dukani. Akavua kofia.

"Mama, jambo. Mimi nataka nunua mkanda ya ngozi, ile ya gari."

"Imekwisha, Bwana," Mama Akoth alijibu. "Watu wamependa sana."

Bwana Rula aliutazama msumari mtupu. Akasema maneno ambayo Mama Akoth anayakariri kwa heshima hadi leo: kwamba yeye bado ana maduka mengine ya kupitia, atarudi saa saba, na akiukuta mkanda atanunua, asipoukuta hatanunua. Hakuongeza wala kupunguza.

Mama Akoth alifunga duka. Wateja wanasema hawajawahi kuona akilifunga mchana tangu azike mume wake. Alijifunga kanga ya pili, akaenda sokoni ambako malori ya Kuresoi hupakia abiria, akamkuta Mzee Kosgei ameketi juu ya gunia, mkanda kiunoni.

"Mzee, niuzie huo mkanda."

"Hauuzwi," mzee akajibu. "Nimepewa na kijana wangu. Zawadi ya mkwe inauzwa wapi?"

"Basi usiuze. Badilisha."

"Na nini?"

Mama Akoth alikuwa ameliwaza hilo njiani. Alisema ana sufuria kubwa, ya kupikia watu ishirini. Mke wa mzee alikuwa akiililia sufuria ya namna hiyo tangu Krismasi, na Mama Akoth, aliyemwona mzee akizipapasa sufuria dukani jana yake, alikuwa ameshalinusa hilo.

"Nitaitazama," akasema mzee. "Kutazama si kubadilisha."

Wakarudi Bondeni. Kemboi, aliyeachwa ndani kulilinda duka lililofungwa, aliwaona kwenye mwanya wa mlango wakija, na hapo likazuka jambo jingine. Ni aibu kubwa kijana asimame akimshuhudia baba mkwe akipatana bei ya zawadi aliyompa. Kwa hiyo alifanya kitu pekee kilichomjia. Alijibanza nyuma ya pipa la mafuta ya taa, katikati ya magunia ya chumvi na kopo la ugoro lililo wazi.

Kutoka huko alisikia kila kitu. Alimsikia mzee akigonga sufuria ya kwanza kwa kifundo cha kidole na kusema inalia vibaya. Akagonga ya pili, akasema hii ina baridi. Akaomba maji amimine aone kama inavuja. Alimsikia Mama Akoth akipumua kwa pua. Kisha akasikia gari likisimama nje na mlango wake kufungwa.

Bwana Rula aliingia akavua kofia.

"Mama, jambo tena. Mkanda iko?"

Mzee Kosgei aligeuka taratibu. Akamtazama Mzungu. Akautazama mkanda ulio kiunoni mwake. Akamtazama Mama Akoth.

"Kumbe na huyu anaitaka?" akasema. "Basi na kifuniko."

"Chukua kifuniko!"

"Na mwiko."

"Mzee!"

"Sufuria bila mwiko ni ya kufanya nini?"

Mama Akoth akautupa mwiko ndani ya sufuria kwa kishindo, akaufungua mkanda kiunoni mwa mzee kwa mkono wake mwenyewe, akautundika msumarini, akageuka na kuvuta pumzi.

"Karibu, Bwana. Mkanda iko. Shilingi kumi na nane."

Bwana Rula, anavyosema kila aliyekuwepo, hakuonyesha chochote usoni. Aliuangalia mkanda ukining'inia. Aliuliza kama mtu yeyote anaweza kuununua, na Mama Akoth akamtajia wote: kinyozi, dereva, mbwa wa hoteli, kijana wa posta. Akatoa shilingi ishirini, akapokea chenji, akaandika. Akaupima mkanda kwa rula yake.

Katika kimya hicho pipa la mafuta ya taa likapiga chafya.

"Kemboi," akasema Mzee Kosgei bila kugeuka, "toka huko. Ugoro si kitu ya watoto."

Kemboi akatoka na chumvi kwenye nywele. Kwa mara ya kwanza, Bwana Rula akacheka. Alicheka mpaka akafuta miwani. Kisha akasema kipuri kimepita, akampa Kemboi mkono, na akaondoka na mkanda wake, kwa kuwa alikuwa ameununua kihalali.

"Na fahali yangu nitafunga na nini?" akauliza mzee. Kemboi akamwahidi miwili.

Jumamosi ya Pasaka mvua ilinyesha kote huko juu, kuanzia Mau Summit hadi Londiani. Magari arobaini na matatu yaliondoka Nakuru asubuhi, na jioni watu walijazana barabarani kuyangoja. Kemboi alisimama mbele kabisa, na kila taa iliyotokea aliiita ya Gurdev.

La kwanza kutokea katika Daraja la Nne halikuwa la rangi ya maziwa. Lilikuwa kigari cheusi, kikuukuu, kilichokopwa na makarani watatu wa posta kwa kuchanga, na aliyekuwa kwenye usukani, matope mpaka kwenye nyusi, alikuwa yule kijana mpole Obura. Dakika sita baadaye akaingia Gurdev, wa pili.

Gurdev aliruka chini na kukimbilia kuinama chini ya gari la Obura. Ekseli ya nyuma ilikuwa imeshikwa pande zote mbili na mikanda ya ngozi, tabaka tatu, mshono wa Kemboi.

"Ulisema ya kufungia mizigo!" Gurdev alifoka.

"Si imefungia?" Obura akamjibu. "Duka imeuza kwa mtu yeyote. Ndiyo sheria, ama namna gani?"

Wanasema Gurdev aliangua kicheko, akamkumbatia Obura na matope yake yote. Kemboi naye alikuwa akiruka hapo kando na hakujua anamshangilia nani. "Wa kwanza wangu, wa pili wangu," anasema. "Mimi ndiye nilipata taabu ya kuchagua."

Tangu siku hiyo Mama Akoth amegonga misumari miwili mingine. Kemboi amepata kazi ya miezi mitatu mbele, na ameanza kufikiria mkanda mpana zaidi, wa magari ya Daraja la Tatu. Gurdev amempa nafasi ya kupanda gari katika mbio za mwakani kama fundi wa njiani. Bado hajajibu. Anasema anapenda zaidi kuiona ekseli kutoka chini kuliko barabara kutoka juu.

Tulirudi mwishoni kwenye ule mkanda wa ukutani wenye matope. Ni mmoja wa ile miwili ya Gurdev, uliozunguka Bonde zima na kurudi. Lakiri ya chama bado inaning'inia kwenye kishikizo chake. Jumapili hii Kemboi atapanda treni kwenda Molo, kwa baba yake ambaye sasa haoni vizuri, na ataubeba hivyo hivyo bila kuuosha.

Mwandishi alimuuliza kama ameshaupima kuona ulivutika ama la.

"Mimi?" Akashtuka kana kwamba ametukanwa. "Kupima si kazi yangu. Ni mkono yake ndiyo inajua."

Na kama umevutika? Je, mzee akisema ni kazi mbovu, arudi kwa jiwe?

Kemboi aliipenyeza fimbo katika vitanzi, akaanza kusukuma. Jiwe likaondoka chini.

"Aseme," akajibu. "Miaka tisa hajaniuliza lile swali. Mimi sitaki anisifu. Nataka aulize tu."